Nukta au Mkato? Alama ya Desimali katika Programu za Lahajedwali na Usalama wa Data za Isimu

1. Utangulizi

Shabaha ya makala haya ni kueleza jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, halielekei kuwa na uhusiano wowote na taaluma ya lugha. Jambo lenyewe ni ile alama ndogo inayotenga sehemu nzima ya nambari na sehemu yake ya desimali. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea tangu shule ya msingi kuandika nukta, kama 3.5, na kusoma "tatu nukta tano". Mjerumani, Mfaransa na Mreno huandika mkato, yaani 3,5. Tofauti hii ikiwa karatasini haimdhuru mtu, kwa kuwa msomaji ana akili ya kupima muktadha. Lakini inapoingia katika programu za lahajedwali, ambazo siku hizi tunazitumia kupanga na kukokotoa takwimu zetu, huweza kuharibu matokeo ya utafiti mzima bila ya kutoa hata onyo moja.

Huenda msomaji akauliza: yatuhusu nini sisi wanaisimu? Zamani lahajedwali ilikuwa kazi ya mhasibu. Leo mtafiti wa kiimbo huhifadhi humo vipimo vya sauti, mtafiti wa kopasi huhifadhi humo idadi za kutokea kwa maneno, na mtafiti wa isimujamii huhifadhi humo majibu ya hojaji. Aidha, data zetu husafiri. Rekodi hufanywa Mombasa, vipimo vikachukuliwa Ujerumani, majedwali yakasomwa Nairobi na kulinganishwa na yale yaliyotoka Lubumbashi au Maputo. Kila yanapovuka mpaka wa nukta na mkato, majedwali hayo yamo hatarini.

Nina sababu yangu mwenyewe ya kuyaandika haya. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, nilipima kiimbo cha sentensi za Kiswahili kwa kompyuta ya chuo iliyopangwa kwa desturi ya Kijerumani. Wastani niliopata ulikuwa wa kuridhisha, nami nikauandikia sura nzima ya tasnifu. Wiki chache kabla ya kuwasilisha ndipo nilipogundua kwamba sehemu ya vipimo vyangu haikuwa imehesabiwa kabisa. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikukagua. Hata hivyo, tangu nianze kusimamia kazi za wanafunzi nimeliona kosa hilo hilo likijirudia, na ndiyo maana nimeona si haki kulinyamazia.

2. Asili ya Alama Mbili

Mwaka 1585 Simon Stevin, mwanahisabati wa Flandria, alichapisha kijitabu chake *De Thiende* kilichoeneza matumizi ya desimali barani Ulaya. Stevin hakutumia nukta wala mkato. Aliandika tarakimu ndani ya viduara ili kuonyesha hadhi ya kila nafasi, na utaratibu huo ulikuwa mzito kwa mwandishi na kwa mpiga chapa. Katika kitabu cha John Napier wa Uskochi kilichotolewa mwaka 1619, miaka miwili baada ya kifo chake, twaikuta nukta ikitenga nambari nzima na desimali zake. Uingereza ikaishika njia hiyo, ingawa kwa muda mrefu wapiga chapa wake waliiinua nukta hadi katikati ya mstari, kama 3·5.

Bara la Ulaya lilielekea kwingine. Mwaka 1698 Gottfried Wilhelm Leibniz alimwandikia Johann Bernoulli kwamba hakupenda alama ya × ya kuzidisha, kwa kuwa yafanana mno na herufi x. Yeye alipendelea nukta. Nukta ilipopewa kazi ya kuzidisha, kuitumia pia kutenga desimali kungeleta utatanishi, na mkato ukapata nafasi. Wasomi wa lugha watautambua mwenendo huu mara moja. Umbo likishachukuliwa na maana moja, maana ya pili hutafuta umbo jingine.

Mwenendo huo huo tunauona katika hati ya Kiarabu. Katika tarakimu zitumiwazo Oman na nchi nyingi za Ghuba, sifuri yenyewe huandikwa kwa nukta. Haiwezekani basi nukta hiyo hiyo iwe pia alama ya desimali, na kwa ajili hiyo hutumika alama ya pekee inayofanana na mkato.

Mgawanyiko huu uliletwa Afrika pamoja na shule za kikoloni. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi nukta kutoka kwa Waingereza. Kongo ilirithi mkato kwa njia ya Kifaransa, na Msumbiji kwa njia ya Kireno. Afrika Kusini ina hali ya pekee, kwani mkato ndio alama rasmi huko, ilhali watu wengi huandika nukta katika maisha yao ya kila siku.

Jumuiya ya kimataifa haikufaulu kuchagua moja. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, katika kikao chake cha 22 mwaka 2003, uliazimia kwamba alama ya desimali iwe ama nukta ama mkato. Uliongeza, hata hivyo, shauri la maana sana: nambari ndefu zikigawanywa katika mafungu ya tarakimu tatu tatu, mafungu hayo yatengwe kwa nafasi tupu, wala si kwa nukta au mkato. Tutalirudia shauri hili mwishoni.

3. Jinsi Lahajedwali Inavyosoma Nambari

Ili tuielewe hatari hii, yatupasa tutofautishe mambo mawili: nambari yenyewe na maandishi yanayoiwakilisha. Tofauti hii yafanana na ile iliyopo baina ya fonimu na herufi. Nambari ikishaingia katika seli na kutambuliwa kuwa nambari, programu huihifadhi kwa namna isiyotegemea nukta wala mkato. Kile tunachokiona kwenye kioo ni vazi tu. Faili la Excel lenye nambari halisi likitumwa kutoka Nairobi hadi Leipzig, 3.5 itaonekana kuwa 3,5 na hapana kitakachoharibika.

Hatari imo mlangoni, yaani pale maandishi yanapogeuzwa kuwa nambari. Hutokea tunapopiga chapa, tunapobandika kitu kilichonakiliwa kwingine, au tunapofungua faili la maandishi matupu kama yale ya CSV. Hapo programu huyasoma maandishi kwa sarufi ya mahali ambapo kompyuta imeambiwa kwamba ipo. Kompyuta iliyopangwa kwa Kijerumani inaamini mambo matatu: mkato ni alama ya desimali, nukta ni alama ya maelfu, na nukta ndiyo pia itengayo siku na mwezi katika tarehe. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Kenya inaamini kwamba nukta ni ya desimali na mkato ni wa maelfu.

Kwa istilahi zetu, hapa pana homonimu: umbo moja lenye maana mbili au tatu. Msemaji wa Kiswahili akisikia "kaa", huamua kwa muktadha kama ni mnyama wa pwani, ni kipande cha makaa, au ni amri ya kuketi. Lahajedwali haina muktadha huo. Haijui kwamba safuwima ile ni ya vipimo vya sauti. Ina kanuni za mahali tu, nazo huzitumia kwa kila seli peke yake.

Ni jambo la kawaida, basi, nambari za safuwima moja kupatwa na mambo matatu tofauti. Tuchukue programu iliyopangwa kwa Kijerumani ikipokea maandishi yenye nukta:

(a) 118.437 husomwa kuwa laki moja, kumi na nane elfu, mia nne thelathini na saba. Nukta imechukuliwa kuwa alama ya maelfu.

(b) 5.12 husomwa kuwa tarehe 5 Desemba. Ikibandikwa mwaka 2024, seli itahifadhi nambari 45631, kwa sababu programu huhesabu tarehe kwa siku tangu mwanzo wa mwaka 1900.

(c) 187.3 haifanani na maelfu wala na tarehe. Hubaki kuwa maandishi, kana kwamba mtu ameandika neno.

Nchini Kenya kinyume chake hutokea. Faili lenye 1,234 likimaanisha moja na desimali tatu litasomwa kuwa elfu moja mia mbili thelathini na nne. Tena kuna balaa jingine. Kwa kuwa Wajerumani wameutumia mkato katika desimali, mafaili yao ya CSV hutenganisha safuwima kwa nukta-mkato. Mstari wao wa "msemaji1;187,3;124,5" ukifunguliwa kwa kubofya tu hapa kwetu, programu itakata kila penye mkato na kutupa vipande vitatu: "msemaji1;187", kisha "3;124", kisha "5". Heri kosa kama hili, kwa maana laonekana kwa macho.

4. Mfano: Kiimbo cha Swali na cha Kauli

Katika Kiswahili, sentensi "Umekula" yaweza kuwa kauli au swali bila ya kubadilika kwa neno hata moja. Kiimbo ndicho kinachopambanua. Mtafiti akitaka kulithibitisha jambo hilo kwa vipimo, atarekodi wasemaji, kisha apime kidatu kwa hezi. Programu itumiwayo sana kwa kazi hii ni Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Praat huandika matokeo yake kwa nukta, hata ikiendeshwa katika nchi ya mkato.

Natuchukue mfano wa kubuni wenye vipimo vinne tu: 118.437, 124.5, 131.062 na 187.3. Jumla yake ni 561.299, na wastani wake ni hezi 140.325. Tuvibandike sasa katika lahajedwali iliyopangwa kwa Kijerumani. Cha kwanza kitakuwa 118437 na cha tatu 131062. Cha pili na cha nne vitabaki maandishi. Tukiomba wastani, programu itayaruka maandishi yale kimyakimya na kutupa 124749.5.

Mtafiti ataona mara moja kwamba hakuna binadamu mwenye sauti ya hezi laki moja na ushei. Atafikiri: "Desimali zimepotea, nitagawanya kwa elfu." Atapata 124.750. Nambari hiyo ni nzuri, yaelekea kuwa ya kweli, na yalingana na sauti ya mtu mzima. Kumbe wastani halisi ni 140.325. Nusu ya data imeachwa nje, na ndani ya nusu hiyo kimo kile kipimo cha juu kabisa, ambacho huenda ndicho kilichokuwa swali. Hivi ndivyo nilivyokosea mimi. Nililiona kosa la kwanza, nikalitibu, na tiba yenyewe ikalificha kosa la pili.

Hatutafuti hapa kisa cha kuchekesha. Tofauti ya hezi kumi na tano yaweza kumfanya mtafiti adai kwamba lahaja fulani haipambanui swali na kauli kwa kidatu. Dai hilo likichapishwa litanukuliwa, na wanafunzi watalifunzwa kama ukweli.

Wala tusidhani kwamba ni wageni wa takwimu tu wanaokosea. Mwaka 2016 wanasayansi watatu, Ziemann, Eren na El-Osta, walionyesha kwamba takribani moja kwa tano ya makala za jenetiki zilizoambatishwa orodha za jeni katika Excel zilikuwa na majina yaliyoharibiwa, mengine yakiwa yamegeuzwa kuwa tarehe. Ilifika hadi, mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatoa mwongozo uliobadilisha baadhi ya majina: MARCH1 ikawa MARCHF1, na SEPT1 ikawa SEPTIN1.

5. Namna ya Kutambua Kasoro

Kabla ya kurekebisha chochote, yafaa kwanza tutambue ugonjwa. Njia zifuatazo ni rahisi.

Kwanza, tazama mpangilio wa seli. Ikiwa mtumiaji hakuingilia, nambari hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi hukaa kushoto. Safuwima yenye nambari zilizotawanyika pande zote mbili ni safuwima yenye maradhi.

Pili, linganisha idadi mbili. Amri ya COUNT huhesabu seli zenye nambari peke yake. COUNTA huhesabu seli zote zisizo tupu. Katika mfano wetu, COUNT itatoa 2 na COUNTA itatoa 4. Tofauti hiyo ndiyo kilio cha data zilizoachwa nje. Lau ningaliandika amri hizi mbili chini ya jedwali langu, ningalijiepusha na aibu yote.

Tatu, tafuta kima cha juu na kima cha chini kwa amri za MAX na MIN. Kidatu cha hezi 118437, au muda wa irabu ulio sawa na 45631, hujifichua papo hapo.

Nne, linganisha jedwali na chanzo chake. Chagua safumlalo chache za mwanzo, za kati na za mwisho, uzisome bega kwa bega na faili la asili. Ukaguzi wa namna hii hauna mbadala.

6. Kurekebisha Mipangilio

Mipangilio imo katika ngazi tatu: ya mfumo wa kompyuta, ya programu na ya faili. Ni muhimu mtu ajue anaigusa ngazi ipi.

Ngazi ya kwanza ni mfumo. Katika Windows, ingia katika paneli ya udhibiti, fungua sehemu ya "Region", kisha "Additional settings". Humo pana visanduku vya alama ya desimali, alama ya kugawa mafungu ya tarakimu, na alama ya kutenganisha orodha. Katika kompyuta za Mac, mambo hayo yamo katika mipangilio ya lugha na eneo. Badiliko la ngazi hii huathiri programu nyingine pia, kwa hivyo si adabu kulifanya katika kompyuta ya wote bila kuwaarifu wenzako.

Ngazi ya pili ni programu. Katika Excel ya Windows, fungua "File", "Options", kisha "Advanced". Hapo utaona kisanduku kiitwacho "Use system separators". Ukiondoa tiki, visanduku viwili vitafunguka. Andika nukta katika cha desimali na mkato katika cha maelfu. Yafaa ikumbukwe kwamba badiliko hili halihusu faili moja tu, bali kila faili litakalofunguliwa kwa programu hiyo. Ukimaliza kazi katika kompyuta ya kuazima, irudishe tiki. Katika LibreOffice Calc, jambo hili limo katika chaguzi za lugha, mahali pa kuchagua eneo.

Ngazi ya tatu ni faili. Google Sheets huweka eneo katika faili lenyewe: fungua "File", "Settings", kisha chagua nchi mahali palipoandikwa "Locale". Uamuzi huo huwahusu wote wanaolitumia faili hilo, popote walipo. Kwa utafiti wa pamoja wa watu wa Nairobi na Lubumbashi, huu ni urahisi mkubwa, mradi wakubaliane tangu mwanzo.

Pana jambo moja la fomula. Penye mkato wa desimali, vipashio vya fomula hutenganishwa kwa nukta-mkato. Fomula iliyoandikwa hapa kwetu kwa mikato haitakubaliwa huko ikipigwa chapa upya, na mara nyingi hata jina lake hubadilika: AVERAGE huitwa MITTELWERT katika Excel ya Kijerumani. Lakini faili lenye fomula likitumwa zima zima, programu hujitafsiria yenyewe.

7. Kurekebisha Data Zilizokwisha Haribika

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kubadilisha mipangilio hakufufui data. Seli iliyokwisha kuwa 118437 itabaki hivyo, na iliyokwisha kuwa tarehe itabaki tarehe. Seli yenye maandishi nayo itabaki maandishi hadi isomwe upya. Mipangilio ni mlinzi wa mlango, na aliyekwisha ingia hamhusu.

Tiba bora ni kurudi kwenye chanzo na kuingiza data upya. Faili la maandishi lisifunguliwe kwa kubofya tu. Katika Excel, litwaliwe kupitia sehemu ya "Data", kwa njia ya kuingiza maandishi. Mwongozo wa zamani wa kuingiza maandishi una kitufe cha "Advanced" katika hatua yake ya tatu, ambapo mtumiaji huitajia programu alama ya desimali na alama ya maelfu zilizotumika katika faili hilo. Calc nayo humwuliza mtumiaji lugha ya faili wakati wa kulifungua. Kwa njia hii tunaiambia mashine muktadha ambao haiwezi kuukisia.

Ikiwa data zimo tayari katika jedwali lakini bado ni maandishi, tumia amri ya NUMBERVALUE. Amri hii hupokea maandishi, alama ya desimali iliyotumika na alama ya maelfu, kisha hutoa nambari. Kwa mfano, katika kompyuta ya Kenya, =NUMBERVALUE("1.234,5",",",".") hutoa 1234.5. Uzuri wake ni kwamba haitegemei mipangilio ya mahali. Alama zote mbili zimetajwa waziwazi.

Njia ya kutafuta na kubadilisha, yaani kugeuza kila nukta kuwa mkato, ni ya hatari. Itayageuza maandishi kuwa nambari sahihi, lakini haitazigusa zile zilizokwisha geuzwa kuwa maelfu, kwa maana ndani yake hamna nukta tena. Matokeo yake ni safuwima yenye nambari za kweli na za uongo zilizochanganyika, na hapana amri ya COUNT itakayozipambanua. Njia hii itumike tu pale ambapo kila seli bila kubakisha ni maandishi, na alama za maelfu ziondolewe kwanza kabla ya kugusa alama ya desimali.

Kwa wanaonakili matini za zamani, nina tahadhari mbili zaidi. Bei za Afrika Mashariki ziliandikwa kwa mkwaju baina ya shilingi na senti: Sh. 2/50 ni shilingi mbili na senti hamsini. Ukipiga chapa 2/50 katika Excel, programu itasoma Februari ya mwaka 1950. Hali kadhalika, nambari zenye nukta iliyoinuliwa, kama 3·5, hazitambuliwi kuwa nambari. Seli za namna hii zipangwe kuwa za maandishi kabla ya kuandikwa chochote ndani yake.

8. Suala la Istilahi na la Kiswahili Chenyewe

Hadi hapa tumezungumza kama mafundi. Tuzungumze sasa kama wanalugha.

Istilahi iliyozoeleka kwetu ni "nukta ya desimali". Inafaa kabisa pale ambapo alama yenyewe ni nukta. Lakini mtafsiri wa programu akiitumia atajikuta akimwambia mtumiaji wa Kongo kwamba "nukta ya desimali ni mkato", kauli inayojipinga. Napendekeza tutumie "alama ya desimali" kwa dhana ya jumla, au "kitenganishi cha desimali" pale tunapotaka kusisitiza kazi yake. Neno "kitenganishi" limeundwa kwa kanuni zetu za kawaida kutokana na kitenzi "tenganisha". "Nukta" na "mkato" yabaki kuwa majina ya maumbo. Tutakuwa tumetenga umbo na uamilifu, jambo ambalo isimu inatufunza kila siku.

Suala la pili ni zito zaidi. Ipo hifadhi ya kimataifa ya kanuni za mahali, inayosimamiwa na jumuiya ya Unicode na kuitwa CLDR kwa kifupi. Kutoka humo simu na programu nyingi hujifunza jinsi kila lugha inavyoandika tarehe, fedha na nambari. Kiswahili kimo, nacho kimegawanywa kwa nchi. Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya kimepewa nukta ya desimali. Kiswahili cha Kongo kimepewa mkato, na nukta ikawa ya maelfu. Maana yake ni kwamba lugha yetu moja ina othografia mbili za nambari, na kila moja ni sahihi mahali pake. Sentensi ya Kiswahili yenye 1.234 humaanisha kitu kimoja Mombasa na kingine Lubumbashi.

Wapo watakaosema tusanifishe mara moja. Mimi sina haraka hiyo. Watoto wa Kongo hufundishwa hisabati kwa mkato, nasi hatuna haki ya kuwaamuru. Lakini wajibu wetu sisi wachapishaji wa data za Kiswahili ni kutangaza desturi tunayoifuata. Tumejifunza kueleza tahajia na alama za kifonetiki tunazozitumia katika maelezo ya awali ya kila tasnifu. Sioni kwa nini alama ya desimali, ambayo yaweza kugeuza moja kuwa elfu, isipewe sentensi moja katika maelezo hayo hayo.

9. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba tofauti ya nukta na mkato ina historia ndefu, kwamba lahajedwali huisoma kwa sarufi ya mahali, na kwamba hitilafu yake huweza kubadilisha matokeo pasipo mtafiti kujua. Kwa muhtasari, natoa mapendekezo matano kwa wasomi wenzangu na kwa wanafunzi tunaowasimamia:

(1) Faili la asili lililotoka katika chombo cha kupimia lihifadhiwe bila kuguswa. Kazi zote zifanywe katika nakala.

(2) Data zihifadhiwe bila alama yoyote ya maelfu. Katika chapisho, mafungu ya tarakimu yatengwe kwa nafasi tupu, kama ulivyoshauri Mkutano Mkuu wa mwaka 2003.

(3) Tunapopelekeana majedwali baina ya nchi, tutume faili la lahajedwali lenyewe pale inapowezekana. Ikilazimu kutuma maandishi matupu, yaambatane na maelezo ya alama ya desimali na ya kitenganishi cha safuwima.

(4) Chini ya kila safuwima ya vipimo ziandikwe COUNT na COUNTA, na msimamizi azitazame kabla hajatazama wastani.

(5) Kila tasnifu yenye takwimu iseme waziwazi kama imetumia nukta au mkato.

Sidai kwamba mapendekezo haya yatamaliza kila kosa. Lakini yote yanaweza kuanza kutekelezwa leo, na hayahitaji fedha. Ile sura niliyoiandika ng'ambo ilinilazimu kuiandika upya kwa muda wa majuma mawili nisiyopata usingizi, na hitimisho lake likageuka. Wasemaji wangu walikuwa wamepambanua swali na kauli tangu mwanzo. Ni jedwali langu lililowanyima sauti. Mtafiti anayerekodi sauti za watu amepewa amana, na kuichunga amana hiyo ni pamoja na kukagua kama kila sauti aliyoipima imehesabiwa.